Igizo Shirikishi la Kumbukumbu: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Unguja na Pemba

Igizo shirikishi la kumbukumbu ni mchezo unaojengwa kwa kumbukumbu za watu wa mtaa, na watazamaji wenyewe wanaingia kuuendeleza. Vikundi vingi vinaoufanya vinakwama pale pale. Mchezo unachezwa vizuri, unakwisha, kisha mwendeshaji anawageukia watu na kuuliza: "Haya jamani, tumejifunza nini?" Mzee mmoja wa safu ya mbele anainuka, anatoa nasaha za dakika kumi, watu wanaitikia, makofi yanapigwa, kila mtu anakwenda zake. Hapo hakuna aliyeshiriki.

Chanzo ni kwamba mchezo ulikwisha kujijibu kabla ya mtazamaji kuulizwa. Mwema kashinda, mkosa kaaibika, mjukuu kaomba radhi. Kilichobaki ni kusifu. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kujenga mchezo wenye pengo, yaani swali lililoachwa bila jibu, ambalo mtu wa shehia ile ile anaweza kuliingia kwa miguu yake, na namna ya kuwalinda waliotoa kumbukumbu zao ili mchezo upatikane.

Hesabuni wiki sita tangu siku ya kwanza hadi onesho. Chini ya nne mtaanza kubuni kumbukumbu za watu badala ya kuzisikiliza.

## Watu na vifaa

Watu 10 wanatosha: waigizaji 6 au 7, mwendeshaji mmoja atakayesimama kati ya mchezo na watazamaji, mwandishi mmoja, na msimamizi wa uwanja mmoja. Mwendeshaji asiwe pia mwigizaji. Angalau watu 4 kati yenu wawe wanawake, la sivyo nusu ya kumbukumbu za mtaa hazitawafikia.

Vifaa:

- Madaftari 4 na kalamu.
- Simu 2 za kurekodia, zote zikiwa na chaji na nafasi ya kutosha.
- Kamba ya nazi ya mita 20 na nyingine ya mita 3, za kuchorea uwanja.
- Majamvi au mikeka 8, na viti 15 kwa ajili ya wazee.
- Ngoma moja ndogo. Mdundo wake ndio utakaosimamisha mchezo.
- Alama moja kwa kila mhusika: kanga, kofia, ufunguo, kibao cha mbuzi. Kiwe kitu cha kuvaliwa au kushikwa kwa sekunde mbili.
- Taa 2 za sola ikiwa mtacheza baada ya Isha.
- Chai. Nusu kilo ya sukari inatosha vikombe 40. Msimpe mtu pesa ili asimulie, kwa sababu kumbukumbu ya pili atakayoisimulia itakuwa ndefu zaidi na ya kweli kidogo. Nauli ya mzee aliyetoka mbali ni jambo jingine, hiyo lipeni.

## Hatua ya 1: Shehia moja, ruhusa, na majira

Anzeni kwa sheha, mkuu wa shehia. Nendeni watu wawili, mmoja mtu mzima, mwelezeni mnataka kuzungumza na nani, kuhusu nini, na onesho litakuwa lini. Kisha ulizeni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni kuhusu kibali cha kikundi na cha onesho la hadhara. Ikiwa uwanja ni wa skuli, mwalimu mkuu naye ajue mapema. Fanyeni haya kabla ya kurekodi neno lolote.

Majira yanaangusha kazi nyingi. Pemba, msimu wa karafuu ukiwaka hamtampata mtu. Walioko nyumbani wanachambua makonyo na kuanika. Pwani ya mashariki ya Unguja, wakulima wa mwani wanafuata maji: siku za bamvua bahari hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi, na wao wako huko tangu mapema hadi mchana. Wapangieni vikao siku za maji mafu, bahari isipopwa sana. Epukeni Ramadhani, masika, na miezi ya karibu na uchaguzi. Mchezo unaouliza "nani wa hapa" ukichezwa wakati wa kampeni utageuzwa hoja ya chama, hata kama hamkukitaja.

## Hatua ya 2: Kukusanya kumbukumbu

Tafuteni wasimulizi 12 hadi 15. Mazungumzo yasizidi saa moja. Wanaume wanapatikana barazani baada ya Alasiri. Wanawake wanapatikana uani, kwenye kazi ya mikono, na huko waende wanawake wa kikundi. Ukimweka mama barazani mbele ya shemeji zake, atakusimulia historia ya shemeji zake.

Ulizeni kitu, msiulize maoni. Swali kama "Unajisikiaje kuwa mtu wa Wete?" litaleta hotuba. Swali kama "Nyumbani kwenu ufunguo wa mlango ulikuwa ukiwekwa wapi?" litaleta nyumba nzima: nani alikuwa na ruhusa ya kuujua mahali pake, nani alibisha hodi, nani aliingia tu. Mifano mingine inayofungua watu:

- Chombo gani kilikuwa hakiazimwi nje ya nyumba?
- Watoto mliwekewa mpaka wapi, na mkiuvuka mnaambiwa nini?
- Ulipokwenda kwenu baada ya muda mrefu, nani alikuwa wa kwanza kukujua?
- Mahali gani hapa pana jina ambalo vijana hawalijui?

Msiulize "asili yako wapi?" Visiwani swali hilo mara nyingi linasikika kama swali la rangi na kabila, na mtu akishaona anapimwa atajificha nyuma ya nasaba ya ukoo. Ulizeni mahali na mwendo: alizaliwa wapi, alihamia lini, aliacha nini. Mtu aliyehamishwa kutoka nyumba ya udongo ya Ng'ambo kwenda ghorofani Michenzani ana jambo la kusema kuhusu kwao bila kutaja kabila hata mara moja.

Kabla ya kurekodi, semeni mambo matatu kwa sauti na muyarekodi: sauti hii itasikilizwa na nani, itatumika katika nini, na kwamba msimulizi anaweza kuifuta siku yoyote kabla ya onesho. Mpeni namba ya simu ya mtu mmoja wa kikundi. Ridhaa ya kutikisa kichwa haitoshi. Asubiriwe aseme "ndiyo" au "rekodi tu".

Mwandishi asinakili mazungumzo yote. Kutoka kwa kila mtu achukue sentensi 10, neno kwa neno, na lahaja yake kama ilivyo. Ukiisawazisha lugha ya mtu wa Micheweni au wa Makunduchi ifanane na ya redio, umekwisha kumtoa kwao kabla mchezo haujaanza.

Mmefanikiwa ikiwa mmeondoka na vitu, ishara za mikono na maneno ya watu. Mkiondoka na methali na nasaha tu, rudini na maswali madogo zaidi.

## Hatua ya 3: Kuchuja

Kaeni wote, someni sentensi zote kwa sauti, na mzigawe mafungu matatu.

La kwanza ni yale yanayoweza kusemwa hadharani kama yalivyo: vyakula, michezo ya watoto, majina ya mahali.

La pili ni ya kuchanganywa. Kila mhusika ajengwe kwa kumbukumbu za watu wasiopungua watatu. Kubadilisha jina peke yake hakusaidii kitu. Visiwa hivi ni vidogo. Mtu hutambulika kwa aina ya ngarawa yake, kwa mti uliokuwa mbele ya nyumba, hata kwa namna babake alivyokohoa. Badilisheni kazi, idadi ya watoto na upande wa kijiji.

La tatu ni ya kuacha. Humo yanaingia maovu ya mtu aliye hai, siri za ndoa, na vifo ambavyo jamaa zake wamo uwanjani. Mapinduzi ya Januari 1964, mauaji ya Januari 2001, kuzama kwa meli ya Spice Islander Septemba 2011: haya si mambo ya kuyasahau, lakini si ya kumwita mtazamaji aingie ayaigize papo kwa papo. Mama aliyepoteza mwana baharini asije akajikuta anaombwa kuonyesha angefanya nini. Kumbukumbu za namna hiyo zinahitaji kikao cha faragha na mtu mwenye ujuzi wa kuliwaza, au kisomo na dua, na kikundi cha maigizo kisijifanye kinaziweza.

## Hatua ya 4: Kujenga mchezo wenye pengo

Hapa ndipo tofauti inapopatikana, kwa hiyo msiharakishe. Tafuteni tendo moja dogo, linaloonekana, ambalo watu wawili wote wana haki ya kulifanya na hawawezi kulifanya pamoja.

Neno "haki" liko hapo kwa makusudi. Augusto Boal wa Brazil, aliyeeneza mtindo wa mtazamaji kuingia badala ya mwigizaji, aliujenga juu ya mwonevu na mwonewa, na mtazamaji huingia upande wa mwonewa. Mtindo huo unafaa sana kwenye kisa cha bosi na mfanyakazi. Kwenye kumbukumbu, mkimfanya mmoja kuwa mwonevu mmeua mchezo, maana kila mtu atajua ajibu nini.

Swali lisiwe na jibu la fikihi. Mirathi, talaka, wakfu, nani awe walii wa ndoa: mkiuliza hayo, watu watamgeukia maalim aliyekaa mbele, naye atajibu sawasawa, na mchezo umekwisha. Tafuteni jambo ambalo sheria haikuligusa: nani anasimulia, nani anapokea wageni, jina la nani linaitwa kwanza.

Mfano wa kufuata, wa dakika 15, kijijini karibu na Wete:

*Onesho la kwanza, dakika 5.* Jikoni, mkesha wa khitma ya Bibi, kisomo cha kumwombea marehemu. Mlezi anachagua mchele. Babake alikuja kuchuma karafuu, akabaki. Mlezi ndiye aliyemuuguza Bibi miaka yake ya mwisho. Kila kitu anakijua kilipo.

*La pili, dakika 6.* Mjukuu anafika kutoka Dar es Salaam na begi. Anakumbuka hadithi za Bibi; Mlezi anamkumbuka Bibi aliyekuwa hakumbuki mtu. Mjukuu anauliza chetezo cha Bibi, kile cha kufukizia udi, kiko wapi. Mlezi anakitoa, kimefungwa kwenye kanga. Wote wawili wanakishika.

*La tatu, dakika 4.* Mlangoni. Hodi inapigwa. Jirani mzee yuko nje: "Nimekuja kutoa pole. Mfiwa nani hapa, nimpe mkono?" Ngoma inalia. Mchezo unasimama.

Hakuna anayekosea, tendo linaonekana, na kila mtu uwanjani ameshawahi kusimama mlangoni siku kama hiyo. Angalieni pia kwamba khitma yenyewe haichezwi. Qur'ani haisomwi kwa kuigiza, msahafu hauwi kifaa cha jukwaani, na hakuna anayejilaza kuwa maiti. Mkesha unatosha, na jikoni kuna mchezo mzuri kuliko ukumbini.

Jipimeni hivi: mwoneni kijana mmoja asiye wa kikundi, mchezeeni mpaka pengo, mnyamaze. Akisema "Lakini yule naye..." pengo lipo. Akisema "Mjukuu ana makosa", rudini onesho la pili mumpe Mjukuu haki zaidi. Pengine yeye ndiye aliyekuwa akituma pesa za dawa.

## Hatua ya 5: Mazoezi

Mazoezi 10 ya saa mbili. Manne ya kwanza ni ya mchezo; sita yaliyobaki ni ya kuingiliwa. Mmoja wenu ajifanye mtazamaji, aingie na wazo lolote, na waigizaji wajibu bila kutoka katika uhusika.

Kosa la kawaida ni mwigizaji kukubali haraka. Mtazamaji anasema "Mlezi, mwachie Mjukuu", na Mlezi anaachia papo hapo kwa adabu. Mfundisheni kukataa mara mbili kwa sababu za mhusika, na kulegea mara ya tatu tu ikiwa wazo lina uzito. Kosa la upande wa pili ni kumbishia mtazamaji mpaka akaona haya. Kipimo ni dakika 5: mtazamaji asipopata njia kwa muda huo, mwendeshaji apige ngoma na kumshukuru.

Mambo ya heshima yapangwe mapema. Wazazi au waume wa waigizaji wajue saa za mazoezi na za kurudi. Mwanamume na mwanamke wasishikane mikono. Washike ncha mbili za kanga moja, na watu wataelewa zaidi.

## Hatua ya 6: Kuwarudishia wenyewe kwanza

Wiki moja kabla ya onesho, waiteni wasimulizi wote, muwachezee wao peke yao. Waambieni kabla: chochote mnachotaka kiondoke kitaondoka, na hatutauliza kwa nini. Mtu anaweza kumnong'oneza mwandishi baadaye. Si lazima aseme mbele ya wenziwe.

Dalili njema ni masahihisho. "Aa, chetezo hakishikwi hivyo." "Mchele wa khitma hatukuwa tukichagua usiku." Wazee wakianza kubishana wao kwa wao kuhusu dogo kama hilo, mchezo umeshakuwa wao. Dalili mbaya ni kimya na "mmefanya vizuri wanangu". Mfuateni kila mmoja nyumbani kwake siku ya pili.

## Hatua ya 7: Siku ya onesho

Uwanja. Funga kamba ya mita 3 kwenye kijiti, zungusha, upate duara la upana wa mita 6. Lizungushie ile kamba ndefu. Robo moja iachwe wazi kuwa mlango na nyuma ya jukwaa. Kwa kukaa jamvini, nusu mita kwa kila mtu, safu ya kwanza inachukua watu 28, ya pili iliyo mita moja nyuma inachukua 37, na viti vya wazee vikae nyuma yao. Zaidi ya watu 80 sauti haifiki bila spika, na spika inafukuza watu wasiingie.

Msicheze juu ya jukwaa la ubao. Ngazi tatu zinatosha kumzuia bibi wa miaka 70 na mama mwenye mtoto.

Robo ya wazi iwe upande wa mashariki, ili jua la alasiri liwapige waigizaji usoni na watazamaji wengi waliache kisogoni. Wakati wa kusi upepo ni mkali. Uwanja uhamishieni nyuma ya ukuta au nyumba. Wanawake na wanaume wakipenda kukaa mbalimbali, wagaweni kushoto na kulia, kamwe si mbele na nyuma.

Saa. Kati ya Alasiri na Magharibi mnayo nafasi ya kutosha, hamna ya kuchezea:

- 10:15 Watu wanakaa, mwendeshaji anasalimia.
- 10:25 "Paukwa!" "Pakawa!" na vitendawili vichache, ili kila mtu awe ametoa sauti kabla ya kuombwa wazo.
- 10:35 Ramani ya miguu. Mwendeshaji anaweka jiwe katikati: "Hapa ndipo tulipo. Simama upande wa mahali ulipojifunza kuogelea." Kisha: "Upande wa mahali unapopeleka salamu za sikukuu." Asiyetaka kusimama asiulizwe.
- 10:50 Mchezo mzima hadi pengo.
- 11:05 Mchezo unaanza upya, kwa kasi kidogo. Yeyote anapiga makofi mawili, mchezo unasimama, anachukua alama ya mhusika, anaingia.
- 11:45 Kufunga.
- 12:00 Uwanja umetoka watu.

Katika dakika 40 za kuingia mtapata watu 5 au 6. Wanatosha.

Mtu wa kwanza ndiye mgumu. Mwendeshaji asiulize "nani anataka?" Apeleke kile chetezo chenyewe, aende nacho mbele ya safu, aseme: "Jirani bado yuko nje. Amesimama." Kisha anyamaze. Kimya cha sekunde 20 kinatisha, na wengi wanakivunja kwa kuanza kuhutubia. Kivumilieni.

Anayeona haya kuingia asemee alipo, na mwigizaji afanye anavyoambiwa: "Mwambie amkaribishe Jirani ndani kwanza, mkono baadaye." Njia hii ndiyo inayowaingiza mama wengi. Andaeni pia onesho moja la wanawake watupu ikiwa shehia inapenda hivyo. Mtasikia mambo ambayo uwanja mchanganyiko hautayatoa.

Mzee akiinuka kutoa nasaha, msimkatize. Mwendeshaji asubiri apumue, kisha: "Ahsante mzee wangu. Maneno hayo nani ayaseme, Mlezi au Mjukuu?" Akijibu, mpeni alama ya mhusika huyo au mwigizaji ayaseme kwa niaba yake. Nasaha imegeuka tendo bila mtu kuvunjiwa heshima.

Baada ya kila aliyeingia, swali liwe moja tu kwa watazamaji: "Hapa kwetu hili lingewezekana?" Wakicheka na kutikisa vichwa, wazo lilikuwa la ndotoni, aje mwingine. Wasiambiwe lipi ni bora. Hakuna kura na hakuna mshindi.

Mtu akilia, msimamizi wa uwanja aende akae naye kando, na mchezo uendelee taratibu. Mkiusimamisha, macho ya watu 80 yatamgeukia yeye.

Kufunga kuwe kufupi. Mwendeshaji arudie kwa maneno machache milango iliyofunguliwa: "Mmoja alitoka nje na chetezo, mmoja alimwita Jirani ndani, mmoja aliomba kiti cha tatu." Basi, shukrani, na wageni wa heshima wasipewe nafasi ya kuhitimisha. Hili semeni nao mapema, kwa upole. Wape nafasi ya kukaribisha watu mwanzoni badala yake.

## Hatua ya 8: Baada ya hapo

Siku ile ile rudisheni kila kitu mlichoazima, kikiwa safi, na mwenyewe akague. Chetezo kikipasuka ununuzi wa kipya hauwi dawa, kwa hiyo vya thamani msiazime. Tumieni vya sokoni.

Ndani ya siku saba wapitieni wasimulizi na wale walioingia. Ulizeni mambo mawili: baada ya mchezo nyumbani kulisemwa nini, na je, kuna aliyeudhika. La pili ndilo muhimu.

Rekodi zigaweni mbili. Za waliokubali zihifadhiwe, nakala moja kwa msimulizi na nyingine mahali mlipokubaliana naye. Za waliokataa zifutwe kwenye simu zote mbili, pamoja na zile mlizotumiana kwenye makundi ya WhatsApp, ambako ndiko zinakosahaulika.

Kabla ya kuupeleka mchezo shehia nyingine, rudieni hatua ya 2 huko, japo kwa watu watano. Mlango wa Wete hauna maana ile ile Nungwi, na chetezo huenda kikawa si kitu kinachogombaniwa huko.